Ndoo ya Meja

Bi Verna mpendwa,

Mke wangu husoma safu yako kwa sauti kila gazeti likitoka, huku mimi natafuta miwani yangu, na siku zote nimekuwa nikisema kwamba wanaoandikia gazeti mambo yao ya ndani wamekosa rafiki wa kunywa naye kahawa, basi leo ni mimi, nisaidie, na tafadhali jina langu libaki kwako.

Mimi ni fundi wa helikopta katika kikosi cha uokoaji hapa mjini, kile kilicho nyuma ya maghala ya ngano. Ndege ikiruka nami huwa ndani, nyuma ya rubani, mimi ndiye ninayeendesha winchi ya kuvuta watu, na rubani niliyeruka naye kuliko wengine wote ni Meja wetu. Nilipoanza kuruka naye alihesabiwa mwanamume, miaka ikaenda, siku moja akatukusanya kwenye banda la ndege, ameshika kofia yake ya urubani kwa mikono miwili, akatuambia kwamba yeye ni mwanamke, amekuwa hivyo siku zote, na kuanzia sasa ataishi hivyo, mwenye swali aulize. Tabibu wetu Leona akauliza, "Afande, utaacha kutafuna mbegu za alizeti ndani ya ndege?" Akajibu kwamba hataacha. "Basi hakuna kilichobadilika," nikasema mimi, kwa sababu ni mimi ninayefagia yale maganda.

Nisikudanganye, mengine sikuyaelewa na mengine siyaelewi mpaka leo, mimi si mtu wa kubeba mabango, lakini ndege naielewa na rubani mzuri namjua. Ule mwaka mto ulipofurika tulikuta familia ya wafugaji juu ya paa la zizi, upepo unavuma huko na huko, winchi haitumiki kwa sababu ya nyaya za umeme, na Meja akaegesha gurudumu moja tu juu ya ukingo wa paa, moja, mengine yananing'inia hewani, akaishikilia helikopta pale mpaka mtoto wa mwisho akaingia, na muda wote anatusemesha polepole kama mtu anayetafuta pa kuweka gari kanisani. Hiyo ilikuwa baada ya yeye kutuambia. Kabla ya hapo nilishamwona akifanya mambo ya namna hiyohiyo, na mikono ilikuwa ileile.

Sasa amri imetoka huko juu kwamba waliobadili jinsia hawatakiwi tena jeshini, naye anatolewa. Nyumbani kwetu Jumapili ndiyo mazungumzo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipigana vita jangwani na ni mtu mwema, lakini amri hii anaiunga mkono.

"Jeshi si mahali pa kujitafuta," alisema huku anajipakulia viazi. "Jeshi ni mahali pa kuwa kama wenzako. Nguo moja, amri moja, basi."

"Na yeye amevunja amri gani?" nikamuuliza.

"Hajavunja. Sijasema amevunja. Nasema ukimpimia mmoja kwa kipimo chake, kesho kila mtu ataleta chake."

Mke wangu akaweka bakuli chini. "Kaka, uko juu ya paa la zizi, maji yako magotini, helikopta imekuja. Utauliza rubani alizaliwa nani?"

"Nitapanda kwanza," shemeji akasema, "nitauliza baadaye."

Tulicheka wote, hata yeye, lakini hakurudi nyuma hata kidogo.

Shida yangu ndiyo hii. Kikosini kwetu rubani akitua kutoka safari yake ya mwisho humwagiwa maji, ndiyo heshima yetu, na ndoo ya kwanza ni ya fundi wake, kisha wenzake, kisha watu wa zimamoto na mpira wao, na familia ikiwepo nayo inamwaga. Kuna kanali alimwagiwa mwezi wa Januari masharubu yakaganda kwa baridi na akafurahi sana. Asiyemwagiwa hajaagwa. Wazee wa kikosi hata husema kwamba rubani akiondoka mkavu bado ana safari, na jina lake, lililopakwa rangi kwenye mlango wa ndege, halifutwi, na walikuwa wakimtaja kapteni mmoja wa zamani aliyehamishwa ghafla ndoo zikiwa bado kabatini, baada ya miaka akarudishwa hapahapa na jina lake akalikuta palepale, lakini hizo ni hadithi za wazee, ngoja nirudi kwenye shida yangu.

Meja alinifuata siku moja nikiwa chini ya ndege, nikaona buti zake tu. "Siku yangu ikifika utanimwagia?" Nikamwambia nitammwagia mpaka aombe taulo, akacheka, nami nilisikia raha kuliko ninavyoweza kuandika. Halafu kamanda wetu mpya akatuita. "Meja ataruka Alhamisi ya wiki ijayo, atatua, atakabidhi vifaa, ataondoka. Hakuna maji, hakuna keki, hakuna picha. Atakayemwaga hata tone tutaonana ofisini." Nimebakiza kidogo kustaafu, Bi Verna, na kuna cheo kinachonisubiri ambacho kitanifaa uzeeni, na kamanda huyu akisema ofisini anamaanisha ofisini. Jana Meja akaniambia, "Usijiharibie. Naelewa." Nikajifanya natafuta spana, kumbe spana ninayo mkononi.

Nikimmwagia naharibikiwa, nisipommwagia anatoka pale kama mtu aliyefukuzwa kwa wizi, na ni mimi niliyemwahidi. Mke wangu anasema mwaga, shemeji anasema tii, na mimi silali vizuri. Nifanye nini? Nijibu Jumanne gazeti likitoka, maana Alhamisi ndiyo hiyo.

Ni mimi,
Fundi Niliyekwama

*

Fundi Uliyekwama,

Nianze na hili la jina. Unaniomba nikufiche, halafu unaniandikia maghala ya ngano. Mji huu una kikosi kimoja na fundi mmoja anayelalamikia maganda ya alizeti kila akienda kunyoa. Nimelificha jina lako kama ulivyotaka, lililobaki ni juu yako na kinyozi.

Pole sana. Nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu kumwahidi mtu jambo dogo la heshima na kisha kukatazwa kulitimiza kunauma, na mtu anayekuambia usijiharibie kwa ajili yake anastahili zaidi ya ndoo moja. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana na wewe una makosa yako.

Kuhusu shemeji yako: mpe salamu zangu, umwambie jeshi ni mahali pa kuwa kama wenzako, amesema kweli. Huyu Meja amekuwa kama wenzake miaka yote hii, amelala mlikolala, amekula mlichokula, ameruka mlipoogopa. Hakujitenga na mtu. Aliyemtenga ni mwenye amri. Na kama kipimo ndicho kinachomsumbua, kipimo cha rubani wa uokoaji kilikuwa juu ya paa la zizi siku ile, na watoto waliopimiwa sasa wanasoma shule hapa mjini.

Wewe umekaa kama vile amri ikishatoka imechongwa kwenye jiwe. Nikuambie jambo ambalo wasomaji wangu wengi hawalijui. Nilikuwa muuguzi wa jeshi. Nilifunga vidonda vya vijana wakubwa kuliko wewe, wakiita mama zao. Nikapata mimba, na siku hizo mwanamke mjamzito alikuwa hafai jeshini, ndivyo amri ilivyosema, wakanitoa. Hakuna aliyeniuliza kama mikono yangu imesahau kazi. Nilitoka na sanduku langu kupitia mlango wa nyuma, sikuagwa na mtu, na nakuapia kwamba njia nzima mpaka nyumbani nilijiona kama nimeiba kitu. Binti aliyekuwa tumboni mwangu siku ile alikuja kuwa sajenti. Alizaa wawili akiwa kazini, na wenzake wakamletea supu. Amri ile ilitolewa na watu na watu wakaifuta. Kwa hiyo usiniambie habari za mwisho, mimi mwisho wangu niliambiwa zamani na bado nipo.

Sasa tuje kwenye ndoo. Je, wewe huwa unasoma unachoandika? Umejaza karatasi na kunung'unika, na katikati ya manung'uniko hayo umeniandikia dawa yako mwenyewe, kisha ukaomba radhi kwa kupoteza muda wangu. Rubani akiondoka mkavu bado ana safari, na jina lake halifutwi. Nani kasema? Wazee wa kikosi chako. Nani kaandika? Wewe. Umelipita kama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa, na kwa maelezo yako ya mwanzo nina hakika hiyo si mara ya kwanza.

Kamanda amekataza maji. Mtiini. Sijawahi katika safu hii kumshauri mtu kutii kwa bidii namna hii, lakini leo nashauri: mtii kuliko alivyotaka mwenyewe. Kama hakuna tone, basi pasiwe na tone kweli. Kila mmoja alete ndoo yake, ameikausha kwa kitambaa, na Meja akitua zikutwe zimepinduliwa chini, midomo ikiangalia sakafu, kila mtu nyuma ya yake. Kamanda akitaka kukagua akague. Hakuna kanuni ya jeshi inayokataza ndoo kavu, mimi nimeishi nazo kanuni hizo.

Na nakuamuru, kama shangazi yako ambaye hukumwomba: umwambie kwa mdomo wako kabla hajaruka. Usimwache atue aone ndoo tupu aanze kubahatisha maana yake. Mtu anayefukuzwa huona dharau hata pasipokuwepo. Simama mbele yake, acha spana, sema kwamba hummwagii kwa sababu hamkubali kwamba amemaliza. Ukishindwa kulisema hilo, basi hata cheo unachokingoja hukistahili.

Jina lake libaki mlangoni. Ukitumwa kulifuta, rangi imekwisha, brashi imepotea, wewe ni fundi, visingizio unavyo.

Ya mwisho. Nakujua, utataka kulia. Jizuie mpaka aondoke. Machozi nayo ni maji, na amri ni amri.

Bi Verna

*

Bi Verna,

Jina langu ni Duane Tollefsrud na unaweza kuliandika lote, maana tangu gazeti litoke Jumanne kinyozi ananiita Uliyekwama, na mhudumu wa mgahawa ameniletea kahawa pamoja na kifuko cha mbegu za alizeti. Na Meja anaitwa Corinne Haugen. Hilo nalo liandike lote, mwenyewe ameniruhusu.

Nilimwambia Alhamisi asubuhi akiwa anaizunguka ndege kuikagua. Gazeti alikuwa hajaliona. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakanipotea yote.

"Meja, sikumwagii."

"Najua, Duane. Nilishakuambia."

"Hujui. Sikumwagii kwa sababu hujamaliza. Unaondoka mkavu."

Hadithi ya yule kapteni anaijua kama sisi wote. Akageukia mkia wa ndege akaukagua kwa muda mrefu kuliko mkia wowote unavyohitaji, kisha akasema, "Panda, tunachelewa."

Tuliruka mpaka milimani na kurudi, alipita juu ya mto taratibu sana, akatafuna mbegu njia nzima, na mimi maganda nikayaacha yaanguke. Tulipogeuka kuelekea uwanjani ndipo tukaona uzio. Bi Verna, mimi nilikuwa nimewaambia watu wa kikosi tu. Wewe uliuambia mji. Kulikuwa na ndoo za maziwa, ndoo za rangi, ndoo za watoto za kuchezea mchanga, zote zimepinduliwa chini kuufuata uzio, na watu wamesimama nyuma yake. Ile familia ya paa la zizi ilikuwepo, watoto wamepanda juu ya ndoo zao waone vizuri. Meja akauliza kwenye redio, "Hao ni nani?" Leona akamjibu, "Ni watu wanaotii amri, afande."

Tulipotua, mimi na Leona tulishuka kwanza, Meja akizima injini, tukasimama nyuma ya ndoo zetu pamoja na wenzetu. Kamanda alikuwa amesoma gazeti, ilionekana usoni. Alipita mstari wetu akagusa ndoo moja kwa ncha ya buti.

"Kuna maji humu?"

"Hakuna, afande."

"Na hii?"

"Kavu, afande. Nimeipangusa mara mbili."

Akautazama uzio, akatutazama sisi. "Basi sina la kusema," akasema, akarudi ofisini. Leona anadai alisimama dirishani mpaka mwisho. Mimi sikuangalia, nilikuwa na kazi ya kujizuia uliyonipa.

Na ndipo, mapanga ya helikopta yakiwa bado yanazunguka, mvua ikaanza. Wiki mbili hapajanyesha hapa, wakulima wamelalamika mpaka wamechoka, na wingu likachagua dakika ile. Meja alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja nje. Kutoka kule uzioni nikasikia sauti ya shemeji yangu Arlo, ile aliyokuwa akiitumia kule jangwani. "Duane, umesimama nini? Mtamlowanisha rubani."

Tulikimbia. Lile turubai la kufunikia injini tulilivuta sisi sote, tukamtandazia juu ya kichwa, wanne huku na wanne huku, na yeye akatembea chini yake kutoka kwenye ndege, akapita kila ndoo, akimpigia saluti kila mtu aliyeweza kuachia turubai kwa mkono mmoja. Sisi tumelowa chapachapa. Yeye mkavu. Watu wa uzioni walianza kupiga ndoo zao kama ngoma, kelele zile mke wangu anasema zilisikika mpaka kwenye maghala, na mimi nilikuwa nacheka kwa sauti na hakuna aliyeweza kujua kilichokuwa usoni mwangu ni mvua au ni nini, kwa hiyo sihesabu kama nimevunja amri yako.

Turubai lilikuwa pana mno, halikupita kwenye lango la uzio. Palibaki nafasi kutoka hapo mpaka kwenye gari lake, na mvua imezidi. Arlo alikuwa pale na ndoo anayonyweshea ndama wake.

"Meja," akamwambia, "mimi sijabadili mawazo yangu kuhusu ile amri."

"Sijakuuliza, Arlo."

"Najua hujaniuliza. Inamisha kichwa."

Akainamisha. Arlo akamvika ndoo kichwani vizuri, akampa koti lake mabegani, akamshika mkono maana haoni, akampeleka mpaka kwenye gari, anamwambia kuna dimbwi hapa, inua mguu, kuna jingine. Askari mzee wa jangwani akimwongoza meja aliyevaa ndoo ya ndama, na watu wanapiga ngoma. Sijawahi kuona gwaride zuri kuliko lile.

Alipokaa ndani alishusha kioo kidogo tu, mvua isiingie. Akaniita.

"Jina?"

"Lipo mlangoni. Brashi imepotea."

"Na maganda?"

"Yapo chini ya kiti chako. Sijafagia."

Akafunga kioo, akaondoka, na watu wakamfuata na ngoma zao mpaka njia panda.

Jumatatu kamanda alipita bandani, akasimama mbele ya mlango wa ndege, akalisoma lile jina, akaendelea na safari yake. Cheo changu sijui kama kitakuja, na nimeona kwamba silali vibaya tena kwa ajili yake. Ndoo yangu nimeitundika kwenye msumari juu ya kabati. Juzi mtu mpya alitaka kuichukua aoshee vyombo nikamzuia. Nikamwambia achukue yoyote nyingine, hiyo ina mwenyewe, naye bado ana safari.

Duane Tollefsrud